Wimbo Uliopenya Ukutani

Wiki iliyopita niliingia kwenye mgahawa wa tambi karibu na kazini, nikasikia mwanamke akiimba kwa Kijapani, piano nyuma yake, sauti ikipanda polepole kama mtu anayepanda ngazi na mzigo mkononi. Sijui Kijapani. Lakini kabla sijaketi nilikuwa nimeshajua kwamba huyo mwanamke ameachwa, na kwamba mbele kidogo piano itanyamaza ili aachwe vizuri zaidi. Nilisahau nilichotaka kuagiza.

Nyimbo za namna hiyo nilizijulia Lewisham, kwa Waingereza, kupitia ukuta. Tulikuwa tumewekwa kwenye chumba kimoja cha ghorofani tukingoja karatasi za ukimbizi: Baba, Mama na mimi, niliyekuwa na miaka kumi. Dirisha lilifunguka kiasi cha kupitisha mkono tu. Wenye nyumba walilipigia chuma, eti kwa usalama wetu. Nikauliza usalama gani huo wa kushindwa kutoka moto ukiwaka, Baba akaniambia ninyamaze. Wazazi wangu hawakuruhusiwa kufanya kazi. Baba alitembea. Aliweza kwenda kwa miguu mpaka mtoni na kurudi, na jioni akatusimulia aliyoyaona kana kwamba ametoka nchi nyingine. Mama alipiga pasi. Alipiga pasi taulo, soksi, hata vitambaa vya kufutia vyombo, mpaka chumba kizima kikanuka mvuke na pamba, halafu akavikunjua na kuanza upya. Niliwahi kumuuliza kwa nini.

"Weye mutoto," akasema, "ukiona kazi ingine humu ndani, uniambie."

Watu walimwita Mama Neema. Neema ni dada yangu mkubwa. Siku tulipoikimbia Uvira, kwetu Kivu, hakuwa nyumbani, na hatukuweza kungoja. Akabaki na bibi. Kanisani kila mgeni aliniinamia na kuniuliza kama ndiye mimi, "Njo weye Neema?" Mimi nilijibu hapana, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, na Mama alitazama pembeni.

Nyumba za mtaa ule zimeshikana ubavu kwa ubavu, na ukuta wetu wa kitandani ulikuwa pia ukuta wa Haruka, msichana wa Kijapani aliyekuwa akisomea ufundi wa nywele. Alikuwa ameachwa na mchumba wake. Hilo hakuhitaji kumwambia mtu. Kila alasiri aliporudi alipiga wimbo uleule, mara tatu, mara nne, na ukuta wetu ukaupitisha wote isipokuwa maneno.

Wimbo ukianza, Mama alisimamisha pasi. Nyumbani kwetu kulia hakukukubalika, kwa kuwa Baba alisema machozi hayasukumi faili. Lakini kwa dakika zile nne Mama alilia bila kujificha, na Baba akiuliza kuna nini, alijibu, "Ni ile muziki tu." Mimi nilimchunguza. Mtu anawezaje kulilia maneno asiyoyajua? Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, msinicheke.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku pekee ya Mama kutoka, kwenda mazoezi ya kwaya katika ukumbi mmoja nyuma ya soko. Mama aliyeshuka ngazi Jumamosi hakuwa yule wa pasi. Alivaa kitenge chake cha njano, akanishika mkono, akatembea haraka mpaka nikawa nakimbia. Huko alitaniana na wanawake wenzake wa Kivu na kucheka kwa sauti ambayo chumba chetu kisingeitosha.

Jumamosi moja akawaletea wimbo mpya. Nilipousikia tu nikaruka kwenye kiti, maana ulikuwa wa Haruka, kupanda na kushuka kwake kote, ila sasa ulikuwa na maneno ya Kiswahili:

*Mlango nimeuacha wazi,*
*njoo hata kama umechelewa,*
*chakula chako nimekifunika.*

Kwaya iliupenda papo hapo. Kiongozi wao, Mama Zawadi, alisita kidogo kwenye chakula, kisha akaamua ni fumbo juu ya kurudi kwa Bwana. Mimi sikuridhika. Kwa nini Yesu awekewe ugali? Na tangu lini Mjapani akaimba mambo ya kanisa letu?

Nilimvizia Haruka alipotoka kumwaga taka. Nikamuuliza kama wimbo wake ni wa Mungu. Alicheka, halafu uso ukambadilika. Akanieleza kwamba ni wa mwanamke anayesimama kituo cha treni akimngoja mwanaume ambaye tayari ameoa mwingine. Nilimshukuru sana. Nilipanda ngazi nimejaa, kama mtu aliyeshinda kesi.

Wiki hiyohiyo ilijulikana kwamba mhubiri mgeni angekuja, na wimbo wa Mama ndio ungemkaribisha. Kwenye mazoezi Mama Zawadi akamuuliza mbele ya wote, kwa furaha tu, "Mama Neema, huu wimbo ulikufikia namna gani?"

"Ulinijia nikipiga pasi," Mama akasema.

"Si kweli," nikasema kutoka kwenye viti vya nyuma. "Umetoka kwa jirani. Ni wa mwanamke anayemtaka mume wa mtu."

Mmoja wa waimbaji akashindwa kujizuia: "Yee! Kumbe tunaimbia bwana ya watu!" Wengine wakaangua kicheko, wakashikana mabega. Mama Zawadi hakucheka.

"Ulituletea wimbo wa dunia, Mama Neema? Kwa madhabahu?"

Nilimngoja Mama ajitetee. Aliinama akachukua mkoba wake.

Walimwambia akae nje ya kwaya mpaka wazee waamue, na wazee hawakuwa na haraka. Njiani kurudi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza, kwa kuwa nilikuwa na hoja zangu tayari: shuleni walitufundisha kusema ukweli. Jumamosi iliyofuata alikipiga pasi kile kitenge cha njano, akakikunja, akakirudisha kwenye sanduku. Kisha akaanza taulo. Nilikaa kitandani nikihesabu maua ya karatasi ya ukutani, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi chumba kile kilivyokuwa kidogo.

Nikamsimulia Haruka pia, kwa sababu sikujua kuacha. Alifunika mdomo kwa mikono miwili. Kuanzia siku hiyo nadhani alinunua vya kuvaa masikioni, maana ukuta ukanyamaza, na Mama akakosa hata zile dakika nne.

Karatasi zilipotoka, Neema alikuwa amepita miaka kumi na minane, na sheria haikumhesabu tena kuwa mtoto wa mtu, kwa hiyo hakuruhusiwa kutufuata. Sasa ana watoto wake wawili hukohuko Uvira. Tunaonana kwenye simu.

Mimi nilikwenda chuo kikuu nikajifunza kudai ushahidi kwa kila jambo. Ilinichukua miaka kugundua kwamba ushahidi wa wimbo ule ulikuwa mbele yangu siku zote: hakuna anayemfunikia Bwana chakula, lakini kila mama humfunikia mtoto aliyechelewa kurudi. Nilijua wimbo ulikotoka, ulikuwa wa nani na ulisema nini. Sikuwahi kuuliza ulikuwa ukimfanyia Mama kazi gani.

Mwaka jana nilimuuliza kwa nini hakuwaambia kwamba maneno yalikuwa yake mwenyewe, ya kumngoja Neema. Alikuwa akimenya viazi.

"Ningesema, wangeniweka katikati, waniombee," akajibu. "Kila Jumamosi. Pole Mama Neema, Mungu atafanya, Mama Neema. Mimi nilikuwa natoka kwa ile chumba ili nisiwe ule mutu, masaa mbili tu."

Nikamwomba aniimbie. Akasema ameshasahau jinsi unavyokwenda.

Sikumwamini. Nikachukua kisu kingine nikamsaidia viazi, wala sikuuliza tena.