Sala Iliyoruka Mlango

Juzi nilikuwa soko la Muthurwa nikinunua mtungi wa maji ya akiba. Mwuzaji akaupiga kwa kiganja kunionyesha kwamba haujapasuka, na mlio ule ukanirudisha nyumbani. Kama hukulelewa kwenye ploti yenye bomba moja, huenda usijue mtungi mtupu unaweza kumwambia mtu mengi kiasi gani.

Ploti yetu ilikuwa mtaa wa Baba Dogo, vyumba vya mabati katika safu mbili zinazotazamana. Mama alifanya kibarua kwenye viwanda vya Industrial Area na kurudi giza limeshaingia, kwa hiyo jioni zangu zilikuwa za nyanya yangu, niliyemwita Susu kama watoto wa Ukambani wanavyowaita nyanya zao. Akishainjika maharagwe, Susu alipiga magoti kando ya kitanda, nami kando yake, akaanza kuomba kwa milango. Yaani alianza na mlango ulio karibu na geti, akamtaja aliyeishi humo na shida yake, kisha uliofuata, mpaka ploti yote iishe. Hivyo ndivyo nilivyojua nani miguu inamvimba, nani amefukuzwa kazi, na nani mtoto wake haandiki barua. Nilifumba macho lakini masikio niliyaacha wazi kabisa.

Redio ya jirani ilitangaza mpira, chapati zilinukia kupitia ukutani, wenzangu waliniita nje. Susu hakutikisika. Kitu kimoja tu ndicho kilichomwinua: maji. Yalikuja yalipotaka, na mtoto wa kwanza kuyaona alipiga kelele, "Maji imekuja!" Hapo Susu alisema, "Bwana, tusubiri kidogo," akanyakua mitungi. Kwake yeye, sala ambayo haijafungwa kwa Amina ilikuwa bado iko wazi. Jambo hilo lilinishughulisha sana. Siku moja nikamuuliza kama basi yote tunayosema bombani yanaingia kwenye sala.

"Yanaingia," akasema. "Kwa hiyo chunga mdomo."

Rafiki yake mkubwa alikuwa mke wa mfanyabiashara wa nguo, Mwislamu, mlango wa kutazamana na wetu. Alipenda kumtania: "Sisi swala ikikatika tunaanza upya. Nyinyi mnamwacha Mungu kwenye foleni?"

Jioni moja maji yalikuja Susu akiwa anakaribia kumtaja rafiki huyo. Tulipofika bombani tukakuta mtungi wetu, tuliouacha mbele tangu mchana, umesukumwa nyuma, na wa jirani yule umekaa mahali pake.

"Mama, mtungi wako umeota miguu?" Susu akamuuliza jirani.

"Nyanya, mtungi usio na mwenyewe huhama. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naomba!"

"Basi ungeomba na maji."

Watu wakacheka. Susu akamwita mwizi wa foleni, mchoyo, na neno jingine la Kikamba ambalo mpaka leo sijapata mtu aliye tayari kunitafsiria. Maji yakakatika mtungi wetu ukiwa haujafika nusu.

Tukarudi, tukapiga magoti. Nilijua mlango uliofuata, nikasubiri. Susu akashusha pumzi. "Na yule kijana wa pale pembeni, Bwana, mpe kazi."

"Susu, umeruka mlango."

"Nyamaza, tunaomba."

"Lakini umeruka."

Akajaribu kuendelea, maneno yakamkataa. Maharagwe yakaanza kuungua. "Wewe mtoto," akasema mwishowe, "hayo masikio ulipewa na nani?" Akajiinua, akavuka ua, nami nyuma yake.

Jirani alifungua mlango kidogo tu. "Umekuja kuniongezea mengine?"

"Nimeletwa," Susu akasema. "Mimi mwenyewe sikutaka. Nimekutukana ndani ya sala, na sasa sala haisongi. Nisamehe."

Jirani akamtazama, akanitazama mimi, akaangua kicheko mpaka akashikilia fremu ya mlango. "Kumbe ulikuwa hujamaliza! Basi na mimi unisamehe, mtungi niliusukuma mimi." Akaingia ndani, akarudi na sufuria iliyojaa maji. "Mpikie mtoto chai. Na ukinitaja, mtaje na mume wangu, biashara imelala."

Jioni ile Susu aliwataja wote wawili, polepole, kisha akasema Amina.

Ploti ile ilibomolewa, pakajengwa ghorofa. Susu tulimzika kwao. Jirani alihama, na hata nilipoulizia sikupata anayejua alikokwenda. Mimi niliacha shule mapema, nikahama mtaa baada ya mtaa nikitaka kujua kuna nini mbele. Sasa nakaa mtaa wa Lucky Summer, ghorofa ya nne, kila mtu na bomba lake ndani. Hakuna foleni, na hakuna wa kunitukana. Jioni nikipiga magoti simu hulia, nami huizima, hiyo hainishindi. Kinachonishinda ni milango. Mmoja anakaanga vitunguu kila siku. Mwingine ana mtoto anayekohoa. Zaidi ya hapo sijui kitu, kwa hiyo nawaombea kwa harufu na kwa kikohozi.

Jana nilifika kwenye kikohozi, nikatafuta jina la mtoto, nikakosa. Sikusema Amina. Nilivaa ndala, nikatoka, nikagonga.