Vumbi la Chiriku

Maurits Debusschere alikuwa mtu wa chiriku, mfugaji wa ndege hao wadogo kwa mashindano ya kuimba, kama babake, na katika kijiji chao cha Flanders, Ubelgiji, mtu wa chiriku haulizwi kwa nini. Alisambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini na mitano. Siku ya kwanza ya kustaafu kulikucha akiwa bandani, anawabadilishia ndege maji. Walikuwa ishirini na watatu, na kipenzi chake aliitwa Kardinali.

Kikohozi kilianza kama mzaha. Zikafuata homa za jioni, na hatimaye ngazi za nyumbani kwake zikawa mlima. Daktari, mwanamke kijana asiye na maneno mengi, alimweleza waziwazi.

"Mapafu yako yanawakataa ndege, bwana Debusschere. Vumbi la manyoya yao na mavi yao. Ukiachana nao sasa, utapona. Ukiendelea, mapafu yatakakamaa, na yakikakamaa ndiyo basi tena."

"Hata nikibaki na mmoja?"

"Hata mmoja."

Akawagawa. Kardinali alimpa Wilfried, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye walikuwa wakitambiana kwa chiriku tangu ujana. Godelieve, mkewe, alilibomoa banda kwa mikono yake, akadeki sakafu mara mbili. Maurits hakugusa chakula siku hiyo.

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Lakini siku ya tatu Wilfried alipiga simu.

"Wee mzee, huyu ndege wako kaninunia. Haimbi kabisa. Hebu njoo umseme."

Maurits akaenda, mara moja tu, alijiambia. Kardinali aliposikia sauti yake akaimba wimbo mzima mpaka mwisho wake. Unadhani mwanamume alifanyaje? Kuanzia hapo kila asubuhi alitoka kwenda kununua mkate, akapitia gereji ya Wilfried, akafunga mlango, akakisafisha kisanduku anamokaa Kardinali kwa mikono mitupu. Mkate ulifika nyumbani kila siku, basi Godelieve hakushuku kitu.

Miezi mitatu ikapita, kifua kikizidi kubana. Daktari hakuelewa. Kama ndege hawapo, basi ni nini? Akataja ukungu wa kuta, mito ya manyoya, wanyama wa nyumbani. Godelieve akakunja mikono ya gauni. Aliitupa mito aliyopewa na mamake alipoolewa. Alisugua kuta akiwa amepiga magoti, na magoti yenyewe yalikuwa mabovu. Jioni alimsikiliza mumewe akihema, akajilaumu kwamba pengine kuna kona hajaifikia.

Ijumaa moja Maurits alirudi na mkate wake, akamkuta mkewe anamwingiza paka wao kwenye kikapu. Paka huyo alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alilala miguuni pa Godelieve kila usiku wa Mungu. Dadake Godelieve alikuwa akimsubiri kwenye gari.

"Unampeleka wapi?"

"Roeselare, kwa dada." Macho yake yalikuwa mekundu. "Huenda ni yeye, Maurits. Sasa nifanyeje? Paka nampenda, ila wewe ndiye mume wangu."

Koti la Maurits lilikuwa limejaa vumbi la gereji. Gari likaondoka na paka, na yeye akasimama pale pale ameshika mkate. Niseme ukweli, nampenda sana mzee huyu, lakini siku hiyo alistahili kofi.

Jumapili palikuwa na mashindano. Visanduku vilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, na kwa kawaida yao hakuna anayemhesabia ndege wake mwenyewe: kila mtu hukaa mbele ya kisanduku cha mwenzake kwa saa nzima, na kila wimbo uliokamilika huuchorea mstari wa chaki kwenye fimbo ndefu. Walipungukiwa mtu mmoja, wakamwita Maurits. Godelieve alimruhusu, kwa kuwa ilikuwa nje na upepo ulivuma vizuri. Akapewa ndege wa mzee Jozef.

"Leo nina raha," Jozef, aliyekaa mbele ya kisanduku cha pili, alimnong'oneza. "Ukiandika wewe, Maurits, sina haja hata ya kutazama. Huna uongo wewe."

Ilikuwa kweli. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwongezea wala kumpunguzia mtu mstari mmoja. Aliandika kumi, akaandika ishirini, kisha akamkumbuka paka, na mkono ukakataa. Akamkabidhi Jozef fimbo, akainuka, na saa ilikuwa haijafika hata robo.

"Una wazimu?" Jozef alifoka, lakini kwa kunong'ona, maana kelele huwanyamazisha ndege. "Kaa chini! Mjinga wee! Kaa!"

Maurits alikwenda zake nyumbani, akihema kila hatua ya tano.

Godelieve aliisikiliza habari ya Kardinali na gereji mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akakaa.

"Kwa hiyo paka wangu nimemfukuza kwa ajili ya uongo wako."

"Ndiyo."

"Na kuta nimesugua bure."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama! Vua hilo koti, litupe nje. Shati pia. Haya, inama hapa."

Akamwinamisha kwenye sinki la jikoni, akamwosha nywele kwa maji ya moto na sabuni nyingi, kwa hasira mwanzoni. Alipofika nyuma ya masikio, ambako nywele zilikuwa zimebaki chache na laini, vidole vyake vikapungua kasi. Maurits alilia humo humo ndani ya sinki.

"Kesho tunamfuata paka," alisema Godelieve. "Na utambeba wewe."

Mara Wilfried akagonga dirisha, uso umemjaa kicheko.

"Maurits! Kardinali kawafunika wote! Unajua kaimba ngapi leo?"

Maurits aliinua kichwa, maji yakimchuruzika shingoni. Alitaka kujua kuliko alivyotaka pumzi.

"Usiniambie," alisema. "Na mlango wa gereji, Wilfried, kesho nikija usinifungulie. Hata nikikusihi."

Godelieve alichukua taulo, akaanza kumkausha mumewe kichwa taratibu.