Umbo Jekundu Katika Majani

Wapo watu wanaoweza kuficha aibu yao chini ya godoro, lakini yangu haikufichika hata kwa dakika tano, kwa sababu niliichapa mwenyewe, kwa mgongo, mabega na visigino, mbele ya wakulima sitini, kwa hiyo afadhali niwasimulie mimi kabla hamjaisikia sokoni Mogogosiek, ambako wameshaiongezea mkia na pembe.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa karani wa kupokea majani katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Konoin, kijana wa Kisii niliyevuka milima na sanduku la mbao, nusu nguo, nusu karatasi, na karatasi ndizo zilizokuwa nzito. Nilikuwa nikiandika riwaya (bado naandika, acheni kucheka). Kwenye karatasi sikuogopa mtu. Niliweza kuueleza ukungu unavyoamka juu ya chai alfajiri, unavyojivuta polepole kama mzee anayetafuta viatu vyake, na nikajua kwamba hakuna mwingine katika milima ile ambaye angeusema vizuri kuliko mimi. Lakini nisimamishwe mbele ya watu watatu! Moyo ulipiga kama kinu cha kusagia mahindi, na maneno yakatawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe.

Sasa meneja akaniita ofisini. "Tunatafuta mwalimu wa wakulima," akasema, "mtu wa kuzunguka shamba kwa shamba kuwafundisha kuchuma na kutunza majani. Jumatano wanakuja hapa kiwandani kuona jinsi chai inavyotengenezwa, na wewe ndiye utawaongelesha. Wakikuelewa, kazi ni yako. Wasipokuelewa, utarudi kwa mizani yako na tutanyamaza."

Niliitaka kazi hiyo kama mtu anavyotaka maji. Kutembea mlima baada ya mlima, kuketi katika kila boma, kusikiliza watu! Mle ndani niliona vitabu kumi. Basi, badala ya kujidanganya, nikaenda kwa daktari nikamweleza hofu yangu yote, na hakucheka. Akanipa vidonge vidogo vya rangi ya manjano. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni," akasema. "Siku za kwanza utasikia usingizi, mdomo utakauka, na miguu itakuwa kama si yako. Mwili utazoea. Usiongeze, usiache ghafla, na ukizidiwa rudi unione." Nikaitikia kwa adabu, na kati ya maneno hayo yote nikatoka na moja tu: utazoea.

Kweli moyo ulitulia. Lakini ulimi ulinata kama niliyelamba unga mkavu, nikawa nakunywa maji hadi mpishi wa kantini akaniuliza kama nimemeza chumvi, na jioni nililala na penseli mkononi katikati ya sentensi (na ilikuwa sentensi nzuri, sikuipata tena).

Jumatatu, nikiwa katika hali hiyo, nikafika kituoni kupokea majani. Mvua ilikuwa imenyesha, lori limechelewa, na Mama Chebet, mkulima wa mlima wa juu, alikuwa ameketi juu ya gunia lake akingojea. Nilipolifungua, majani ya chini yalikuwa ya moto na yameanza kuwa mekundu, maana jani la chai likibanwa linaiva kabla ya wakati wake.

"Mama, haya siwezi kuyapokea. Umeyakalia."

"Sasa ningekalia nini, karani? Matope?"

"Jani la chai halikaliwi, halikanyagwi, halishindiliwi," nikamwambia, nikipenda jinsi maneno yalivyopangana. (Nilikuwa nimeyatunga kwa ajili ya hotuba ya Jumatano, na huyu mama akawa shamba langu la kujaribia jembe.)

Hakubishana. Kisha akafunga gunia, akalipandisha mgongoni, akaanza kupanda mlima nalo kwenye mvua, na mimi nikaandika jina la anayefuata.

Jumatano asubuhi nikameza kidonge changu. Nikangoja ule utulivu. Saa mbili, bado moyo unadunda. Saa mbili na nusu, bado. Ndipo nikafanya uamuzi mdogo sana, mdogo kama kidonge chenyewe: nikaongeza cha pili. Nilijiambia kwamba kama kimoja kinatuliza moyo wa karani, viwili vitautuliza moyo wa mwalimu.

Wageni walipaswa kufika saa tatu. Wakakwama kwenye matope, lori likavutwa kwa trekta, na mimi nikabaki na hotuba yangu mdomoni bila mtu wa kumpa. Rafiki yangu Nyabuto, msimamizi wa chumba cha kunyaushia majani, akaniona nikiyumba mlangoni.

"Wewe, ndugu yangu, umekunywa nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini inayomfanya mtu aegemee ukuta ambao haupo?"

Akaniambia nipande chumbani kwake huko juu nipate joto hadi wageni waje, naye akaenda kuwangojea langoni. Kama hamjawahi kuingia chumba hicho, hamjui majaribu. Kuna vitanda virefu vya wavu wa chuma, mtu angeweza kukimbia juu yake, na majani yamerundikwa hadi kiwiko, na feni inapuliza hewa ya uvuguvugu kutoka chini, usiku kucha, mpaka yanakuwa laini kama shuka iliyofuliwa mara nyingi. Harufu yake ni ya matunda, na ya mvua, na ya kitu ambacho nimejaribu kukiandika mara ishirini na kushindwa. Niliweka mkono kuyapima, kama mtaalamu. Nikaketi ukingoni. Nikasema nitalaza kichwa tu, dakika mbili, niirudie hotuba nimefumba macho. Nikafika pale pa "halikanyagwi".

Sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya mwanamke, tulivu kabisa, juu ya uso wangu.

"Karani. Jani la chai haikaliwi, haikanyagwi, haishindiliwi. Kwani inalaliwa?"

Nikafumbua macho. Mama Chebet. Nyuma yake meneja. Nyuma ya meneja, wakulima sitini na makoti yao ya mvua, wameinua shingo kama watu waliokuja kumwona maiti. Na mimi (hapa niruhusuni nivute pumzi), nikidhani niko nyumbani, nikasema wazi, "Mama, funga mlango, upepo unaingia."

Ingetosha kuishia hapo. Haikuishia. Nyabuto akanishika mkono akaninyanyua, jani moja limenata shavuni, na nilipotoka, watu wote wakaacha kucheka kwa mara moja, wakitazama chini. Kwenye kile kijani kibichi palikuwa na mtu. Kichwa, mabega, mgongo, miguu miwili, vyote vyekundu kama shaba. Uzito wangu na joto langu kwa zaidi ya saa moja viliyapondaponda yale majani hadi yakaiva. Juu ya kitanda, kwenye ubao wa chaki, palikuwa pameandikwa jina la kituo yalikotoka.

"Hiyo ni yetu," mzee mmoja akasema polepole. "Hiyo majani tulichuma jana."

Meneja hakunitazama. Alitazama saa yake, na nikaiona kazi yangu ikiondoka, ikishuka ngazi, ikivaa kofia.

Sijui kama ni dawa, au ni kwamba mtu akishavuliwa nguo zote haogopi tena kupoteza kifungo, lakini nilitafuta ile hofu yangu ya zamani sikuiona. Nikawageukia. Ulimi mkavu, miguu ya mtu mwingine, sauti yangu mwenyewe.

"Wakulima, hotuba yangu ni hii hapa chini," nikasema. "Shikeni majani mkononi, haya mabichi na haya niliyoyalalia. Nuseni. Hii nyekundu ndiyo chai mbaya, na imeharibika kwa muda wa usingizi wa mtu mmoja. Juzi nilimrudisha Mama Chebet mlimani kwa kosa hili hili, nikampa maneno matamu badala ya kumwonyesha. Kosa lake alilifanya kwa kukosa pa kuketi. Langu nimelifanya nikiwa na kiti ofisini."

Wakasogea. Wakachukua, wakanusa, wakapeana. Mzee yule akauliza, kama mtu akikalia gunia kidogo tu, je. Mwingine akauliza kuhusu vikapu. Nami nikajibu yote, swali baada ya swali, bila karatasi, hata sijui saa ilivyokwenda. Nikaahidi kumwomba meneja mabenchi pale kituoni, mbele yake, asipate pa kukimbilia.

"Wamekuelewa," meneja akasema mwishoni, kwa sauti ya mtu anayelipishwa. "Kazi ni yako. Lakini huyo mtu mwekundu hawezi kuingia kwa mashine. Mtoe mwenyewe."

Nikamzoa, konzi kwa konzi. Mama Chebet akanipa kikapu chake. Kilipojaa nikataka kusukuma ya juu yaingie, akanipiga mkono.

"Usishindilie," akasema. Akaniwekea kamba vizuri begani, nikashuka ngazi na mwili wangu mgongoni, wakulima sitini wakinipisha njia.

Daktari alinisikiliza hadi mwisho, na safari hii alicheka. Akanipunguzia: nusu kidonge, jioni tu. Baada ya wiki mbili usingizi ukaondoka, ulimi ukalowa, miguu ikarudi kuwa yangu, na moyo ukabaki umetulia. Nimeapa kwamba daktari akisema kimoja ni kimoja, hata mbingu zikichelewa, na kwamba chumba kile nitakiingia nikiwa nimesimama na nitatoka hivyo hivyo.

Shamba la Mama Chebet ndilo la kwanza katika mzunguko wangu. Huwa ananingoja mlangoni, mikono kiunoni, na kunisalimu kwa lugha ya kwao.

"Chamgei, mwalimu. Umemeza ngapi leo?"

"Nusu, mama. Tena jana jioni."

"Basi karibu, keti," ananiambia. "Hapo kwa kiti. Hapana kwa gunia."