Mama Meza na Mpira wa Puani

Ukisikia kuna mtu kazi yake ni kuwapitishia wenzake mpira puani mpaka tumboni, utadhani ana roho ya chuma. Mimi nilidhani hivyo, tena nilimwambia usoni.

Jina lake la kazini ni Mama Meza. Wagonjwa ndio waliompa, maana kutwa nzima neno lake ni hilo: meza, subiri, meza, subiri. Mimi ni fundi seremala. Siku karani wa mapokezi aliponiambia, "Wewe nenda kwa Mama Meza, mlango wa mwisho kushoto," nilijua ni mteja amenifuata mpaka hospitali kudai meza yake. Nilitembea ukumbi mzima nikipanga uongo: mbao hazijakauka, msumeno umeharibika, msaidizi kafiwa.

Shida yangu ilikuwa moja. Chakula kilikuwa hakishuki. Kinafika katikati ya kifua kinagoma, kimekaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Ulianza mkate, vikafuata viazi, mwishoni hata maji. Nikisimama na kujinyoosha, pengine kitapita; pengine kitarudi kilikotoka. Suruali zikaanza kunipwaya mpaka nikawa nazifunga kwa kamba. Daktari wa kwanza alisema vidonda vya tumbo, wa pili akasema mawazo. Majirani nao walisema yao, siyarudii hapa.

Mke wangu alisema nakula nje. Maneno hayo yana maana mbili, na yeye alizikusudia zote mbili. Na ukikaa upande wake utamwelewa: mume anarudi kutoka karakana, anagusa chakula kidogo, anasukuma sahani, anatoka uani. Nilikuwa naenda kutapika nyuma ya nyumba kwa siri, kwa sababu nilimuoa nikiwa mwanamume wa miraba minne na niliona aibu. Aliponipiga vijembe nilimezea, maana vijembe ndivyo vitu pekee nilivyokuwa bado naweza kumeza. Kaka yake akaja akakaa sebuleni, akaniuliza bila haya, "Shemeji, huko unakokula, wanapika nini?"

Kwa hiyo hospitali sikwenda kutafuta uzima tu. Nilitaka kula tena chakula cha mke wangu, naye aamini kwamba sina nyumba ya pili. Daktari wa upasuaji alikuwa na dhana yake: mlango wa chini wa umio, pale chakula kinapoingilia tumboni, ulikuwa umekataa kufunguka. Lakini hakutaka kunigusa. "Mimi sikati kwa kubahatisha," aliniambia. "Niletee kipimo cha Mama Meza."

Kipimo chenyewe ni mpira mwembamba kama waya wa kuchajia simu, wenye vitu vidogo ndani vinavyohisi misuli ya koo inavyokaza na kulegea. Unaingia puani, unageuka kooni, unateremka. Siku ya kwanza ulipofika kwenye kona ya koo nikauchomoa kwa mikono yangu mwenyewe, nikamwambia yule mama kwamba hata mwizi hafanyiwi hivyo. Alinifuta pua. "Umejitahidi, fundi," akasema. "Tundu la kulia ni jembamba. Wiki ijayo tutajaribu la kushoto." Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikimtukana mtu nategemea anitukane, tumalizane. Huyu alininyima hata raha hiyo.

Habari zake nilizipata kwenye benchi la wagonjwa, ambako hakuna siri. Mashine inayosoma mpira ule ilipoletwa, ilikaa pembeni imefunikwa shuka kwa muda mrefu, kila nesi anaipita mbali. Yeye alikubali kuishika kwa sharti moja: mtu wa kwanza kuingizwa mpira awe yeye. Alikohoa, akatokwa machozi, akatapika kwenye beseni. Kisha akamwomba daktari arudie, eti hakuelewa vizuri kinachotokea pale kwenye kona. Mpaka leo, kila mwaka anakaa kwenye kiti cha mgonjwa na mwenzake anampitishia, asije akasahau. Ndiyo maana hutamsikia akikudanganya kwamba haiumi. Anagusa pua yake mwenyewe, anakwambia, "Inauma hapa. Ikifika hapa, inaacha."

Chumba chake ni kidogo, dirisha limepakwa rangi nyeupe nusu, na bomba la sinki amelifunga kitambaa kwa sababu tone la maji likisikika mgonjwa anameza bila kutaka. Kabla ya kukugusa anakupa kisa cha bibi mmoja aliyeambiwa "meza", akazungusha macho chumba kizima akauliza, "Meza ipi, mwanangu? Mbona hapa naona kiti tu?" Kisa hicho anakisimulia kila siku, na kila siku anacheka kama ndiyo kwanza kimetokea. Nilidhani ni upuuzi, kumbe anangoja mabega yako yashuke. Nyumbani kwake, kwa maneno yake mwenyewe, mumewe na wanawe wamempiga marufuku kulitamka neno hilo wakati wa kula.

Safari ya pili mke wangu alikuja nami. Asidhani mtu alikuja kuniuguza; alikuja kuhakikisha kama kweli naenda hospitali. Mama Meza alitukuta mlangoni, tumesimama kila mmoja na ukuta wake.

"Huyu ni nani wako?"

"Mke wangu, sista."

"Anakupikia?"

"Kupika napika," mke wangu akadakia. "Mlaji ndiye hayupo."

Ndugu wa wagonjwa husubiri nje, ndiyo kanuni. Mama Meza alitutazama kwa zamu, akaingia ndani, akavuta stuli. "Karibu, dada. Leo utanisaidia kazi."

Alinipaka jeli ya ganzi tundu la kushoto, akanipa maji na mrija. "Kidevu kifuani. Jikaze kisabuni, fundi. Sasa inauma. Vuta maji. Meza. Meza tena. Imeacha." Na kweli iliacha. Akaubandika mpira shavuni kwa plasta, akakilaza kiti changu nyuma, akaniomba nikae nusu dakika bila kumeza hata mate, mashine ipate kusoma koo likiwa limetulia. Jaribu wewe, uone kinywa kinavyofurika ghafla. Nikamwangalia shingoni: na yeye alikuwa hamezi. Baadaye alinieleza kwamba hujizuia pamoja na kila mgonjwa, asije akamdai mtu zaidi ya anavyoweza yeye.

Kisha akachukua bomba la sindano lenye maji, akampa mke wangu. "Mpe wewe, dada. Kidogo tu, ubavuni mwa ulimi. Halafu tazama skrini."

Mke wangu akanipa maji. Nikameza. Sehemu ya juu ya skrini ukawaka mshipi mwekundu, ukazimika. Mama Meza akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kwa mtu asiye na ugonjwa, rangi ingeteremka kwa mshazari mpaka chini, na pale chini ungefunguka mlango. Kwangu hakikuteremka kitu. Mshipi mwingine wa chini, ule wa mlango, ulikaa vilevile, mwekundu, umefunga.

"Mpe tena."

Akanipa tena. Vilevile.

"Mbona hayaendi?" mke wangu akauliza.

"Jina la ugonjwa atalisema daktari. Mimi nakuonyesha mlango tu."

Akanipa mara ya tatu, ya nne, kila mara akiinama kuelekea skrini kana kwamba ataweza kuusukuma ule mlango kwa macho. Nilingoja aniambie samahani kwa yale ya kula nje. Nilikuwa nimejiandaa kusamehe kwa maringo. Lakini hakunitazama. Alimgeukia Mama Meza, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia.

"Sista, kwa hiyo sikuwa napika vibaya?"

Hapo ndipo nilipojua. Mwaka mzima yule mwanamke alikuwa akibadilisha mafuta, akipunguza chumvi, akiongeza chumvi, akiwauliza majirani wanapikaje, akionja mchuzi peke yake jikoni akitafuta kosa liko wapi. Vijembe vyote vile vilikuwa aibu. Mimi nilidhani ni wivu, na nilikuwa najionea fahari kidogo.

Kifua changu kikaanza kutikisika. Skrini ikawa nyekundu juu mpaka chini.

Mke wangu akashtuka. "Anameza nini sasa?"

"Huko si kumeza, dada, ni kulia," Mama Meza akasema. "Mashine haijui tofauti. Mimi najua." Akanyoosha kidole akaisimamisha, yeye ambaye kwa kipimo chake hawezi kumvumilia hata nzi. "Lia kwanza, fundi. Tutarudia." Kisha akalichukua lile bomba la sindano taratibu kutoka mkononi mwa mke wangu. "Na wewe, dada, sikiliza. Chakula chako hakijawahi kumfikia. Kilikuwa kinaishia mlangoni."

Nampenda mama yule. Nasema hivi mbele ya mke wangu, naye hana neno, kwa sababu anampenda kuliko mimi.

Daktari alipata kipimo chake, akaulegeza msuli wa ule mlango kwa kisu, akanirudisha nyumbani na masharti ya kula laini. Siku ya kwanza ya chakula cha kweli, mke wangu aliweka sahani mbele yangu, akajifanya anakunja nguo. Nilikula polepole. Kikashuka. Nikala mpaka sahani ikabaki nyeupe, nikamsukumia.

"Niongeze," nikamwambia.

Akaichukua akaenda jikoni, na alikaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kujaza sahani.