Kidole Juu ya Kioo

Papa Michée alikuwa na mwandiko mzuri, na ndio uliomharibu. Miaka kumi na tisa aliliandikia baraza la wasuluhishi wa mashamba kijijini kwetu, chini kidogo ya Luvungi, na kila mtu alimsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mwaka jana shirika moja la Bukavu lilimletea tableti ya kuandikia kwa mkono, kioo chake cha kijivu kama karatasi ya gazeti, likampa wiki mbili aamue kama inamfaa. Aliikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Juani inasomeka. Chaji inakaa siku nyingi, na kwetu umeme ni hadithi tu. Kalamu yake inakwaruza kama biki kwenye karatasi. Tena ukilaza kiganja juu ya kioo, hakichafui ukurasa, kwa kuwa kioo kinasikia kalamu yake tu. Hilo lilimfurahisha kuliko yote, akatueleza mpaka tukachoka.

Wiki hiyohiyo Émérance alimwita. Alikuwa amefiwa na mume, na shemeji yake, Modeste, alidai shamba lake la muhogo kuwa ni urithi wa ukoo. Shahidi pekee aliyebaki kwamba marehemu alilinunua kwa fedha yake mwenyewe alikuwa mzee Ngendakumana, naye alikuwa kitandani, hali mbaya. Mimi ni jirani wa Émérance, nikamsindikiza.

Mzee alisema yote polepole: mwaka, mipaka, hata waliokunywa pombe ya mauziano. Michée aliandika kwenye tableti, herufi safi kabisa. Kisha, kwa mazoea, akampaka mzee wino kwenye kidole gumba, akakibonyeza juu ya kioo. Ukurasa haukupokea kitu. Lilibaki doa jeusi tu kwenye kioo, na Michée akalifuta haraka kwa leso, maana mashine haikuwa yake bado.

"Papa Sekretere, tafuta hata kikaratasi," Émérance alimwambia. "Atie kidole pale."

"Mama, minye sikuje na kaye ya kuandikia. Nitarudia kesho."

Kesho hakurudi. Alishinda nyumbani akinakili madaftari ya zamani kwenye tableti, amefurahi kama bwana harusi. Alirudi siku ya nne, akatukuta tunachimba kaburi.

Barazani Modeste aliuliza swali moja tu.

"Kidole ya mzee iko wapi?"

Michée akaonyesha ukurasa. Wazee wakapokezana tableti, wakausifu mwandiko.

"Minye niliona mzee anatia kidole," nikasema.

"Weye uko jirani yake," Modeste akanijibu. "Na ile maneno, kila muntu anaweza kuiandika kwake nyumbani."

Wazee wakakubaliana naye. Nilimchukia Michée siku ile, na mpaka leo sijaacha.

Hapo ndipo alipoamua kwamba tableti haimfai. Akaizima, akatoa daftari, akaandika hukumu kwa mwandiko wake uleule: shamba ni la Modeste. Akamgeuzia Émérance ukurasa ili akubali mbele ya wote. Michée akampaka wino, akamshika kifundo cha mkono.

"Bonyeza muzuri, mama, isifutike."

Émérance akabonyeza. Kidole kilitoka safi, kila mstari ukaonekana.