Moshi Kwenye Magurudumu ya Nyuma

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Rhotia, na sikufichi, kazi yangu najivunia. Jumamosi iliyopita niliwapakia wasichana wangu wanne wa kidato cha nne kwenye gari langu, kuwapeleka Karatu kwenye mashindano ya sayansi.

Tangu tunatoka shuleni gari lilikuwa zito. Nikakanyaga mafuta zaidi. Hatujafika mbali, harufu ya kuungua ikajaa ndani na magurudumu ya nyuma yakaanza kutoa moshi. Nikaegesha pembeni, na badala ya kuogopa nikaona nimepata somo la bure.

"Shukeni wote," nikasema. "Breki haimezi mwendo. Pedi zinasugua chuma kinachozunguka na gurudumu, na mwendo unageuka joto. Ndiyo maana tukiteremka kreta ya Ngorongoro tunaweka gia ndogo, injini isaidie kuzuia."

Akina mama wawili waliokuwa wakipita wakasimama kusikiliza. Nikapandisha sauti.

"Hapa fundi amefunga pedi vibaya. Leo atanitambua!"

Neema, aliyekuwa amekaa mbele pamoja nami, akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Kama breki hukuikanyaga, ni nini kilichokuwa kinasugua njia nzima?"

"Swali zuri sana!" nikasema, kifua mbele. "Nani ana jibu?"

Neema akaonyesha ndani ya gari, kwenye breki ya mkono iliyovutwa hadi juu.

"Hiyo, mwalimu. Hujaishusha tangu shuleni."

Jibu lilikuwa sahihi kabisa.