Bi Claudette Anangoja Kuulizwa

Kwa miaka ishirini na miwili Claudette Pelchat aliwapigia simu watu wa New Hampshire kuwauliza watampa nani kura, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza yeye.

Si kwamba simu yake ilikuwa bubu. Majira ya mchujo wa urais yakiingia, na jimbo hilo la Marekani hupiga kura kabla ya mengine, simu zake hazina likizo. Zinalia watu wakinywa supu, zinalia watu wakikoga, na kuna bwana mmoja wa Concord aliyepigiwa akiwa juu ya paa anakwangua theluji, akajibu maswali yote kumi na tisa bila kushuka. Claudette naye alipigiwa kama wenzake. Ila kila kampuni ya utafiti wa maoni huanza na swali la kuchuja: je, wewe au mtu yeyote wa nyumbani mwako anafanya kazi kama hii? Claudette alisomeshwa na watawa na hakujua kudanganya, hata kwa mtu asiyemwona. Akijibu ndiyo, anashukuriwa kwa upole na kukatiwa. Marehemu mumewe, Normand, alikatiwa mara kumi na moja kwa kosa la kumwoa.

Kazini hakuwa na mpinzani. Alisoma swali kama lilivyoandikwa, majina yote, bila kuguna wala kucheka, hata pale cheko lilipokuwa haki yake. Kitu kimoja tu kilimchosha: wale wa "sijaamua." Kwao hilo ni jambo la adabu. Mtu haamui mpaka awe ameshikana mkono na mgombea mara tatu kwa uchache. "Yule? Nimekutana naye mara mbili tu," humjibu, kwa sauti ya mzazi aliyeletewa posa ya haraka. Claudette alibonyeza kitufe chao na kuyainua macho juu darini.

Jumatano, siku sita kabla ya kura, akiwa na miaka sabini na mmoja, aliivua hedifoni yake na kuiweka juu ya meza ya msimamizi, Duane Colby.

"Naacha kazi, Bwana Duane."

"Unaumwa?"

"Nina afya kukushinda."

"Basi ngoja Jumanne ipite, mama. Tumebakiwa na utafiti mmoja tu."

"Ndiyo maana naacha leo. Nataka kuulizwa."

"Kuulizwa nini?"

"Nitampa nani kura."

"Haya, nakuuliza mimi. Utampa nani?"

"Huo ni umbea. Nataka kuulizwa kwa kanuni, niingie kwenye hesabu."

Rachelle Nadeau, aliyekaa kiti cha jirani miaka kumi na mitano, hakuinua hata kichwa. "Mwache, Duane. Mpishi naye hula."

Alhamisi simu ililia mara moja. Alikuwa binti yake. "Kata, mwanangu, unaziba laini," Claudette akamwambia, na binti akapiga kwa jirani kuuliza kama mama yu mzima. Ijumaa alipiga kijana wa kambi ya mgombea mmoja. Huyo alikuwa anaomba kura, hakuwa anauliza maoni, na Claudette alitumia dakika kumi kumfafanulia tofauti. Jumamosi theluji ikaanguka tangu alfajiri. Tafiti za mwisho zingefungwa saa kumi na mbili jioni, na baada ya hapo jimbo lingesahauliwa kwa miaka minne. Kwa umri wake, miaka minne si kitu cha kuahidiana. Alikaa kando ya simu na kipande cha pai ya nyama ambacho hakukigusa.

Saa kumi na robo ikalia.

"Habari za jioni, naitwa Duane, napiga kutoka..."

"Duane."

"Bi Claudette? Kompyuta ndiyo iliyochagua namba, si mimi."

"Soma."

"Siwezi. Nakujua." Kanuni ilikuwa hiyo: muulizaji hamhoji anayemjua. Claudette mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

"Mpe Rachelle."

"Rachelle ni mama wa ubatizo wa binti yako."

"Mpe Doris."

"Doris ni wifi yako, mama."

Walikipitia chumba kizima, kiti kwa kiti. Hakupatikana mgeni.

"Na kiti changu nani amekikalia?" Claudette akauliza.

Duane akashusha pumzi. "Amekuja jana. Anaitwa Wendell Stickney. Alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji huko kaskazini."

"Namjua?"

"Hakuna anayemjua. Mwenyewe anapenda hivyo."

Wendell alisoma kama alivyosukuma theluji: polepole, akiacha malundo kando. Alipofika kwenye swali la kuchuja, Claudette akafumba macho. "Hapana," akasema, na tangu Jumatano ilikuwa kweli tupu. Hakukatiwa.

Wendell akaanza majina.

"Umeruka mmoja," Claudette akasema.

"Yule hashindi."

"Mzee, si kazi yako kumchuja. Rudi juu, soma wote."

Nyuma ya Wendell, Rachelle alisikika akicheka ndani ya kiganja. Wendell akarudi juu, akasoma wote saba. "Haya. Ungempa nani?"

Jibu alikuwa nalo tangu kiangazi. Alilifanyia mazoezi mbele ya sinki. Sasa limeitwa, halikuja.

"Sijaamua," akasema.

"Hujaamua?"

"Usishangae. Ni marufuku kushangaa."

"Kuna unayemwelekea?"

"Yupo. Lakini nimekutana naye mara mbili tu."

"Mimi kuna mmoja nililivuta gari lake kutoka mtaroni," Wendell akasema, "na bado sijaamua."

"Na usitoe habari zako." Akasogeza simu sikioni. "Ni yupi?"

Utafiti wa dakika kumi na mbili ulichukua arobaini na moja. Duane alitazama saa ya ukutani mara nyingi, ila hakukata laini. Alipoweka simu chini, Claudette aliimaliza pai yote.

Jumatatu alilifungua gazeti kwenye kaunta ya mkahawa, akaweka kidole kwenye mstari wa chini, ule wa "sijaamua." "Huyu ni mimi," akamwambia mhudumu.

"Asilimia kumi na saba?"

"Mmoja wao."

Kesho yake alipiga kura. Nje ya mlango, koti limejaa theluji, alisimama mtu mwenye karatasi akiwauliza wanaotoka wamempa nani. Alikuwa Rachelle. Walitazamana. Rachelle akageuza karatasi yake, akamuuliza mtu wa nyuma, na Claudette akapita akicheka peke yake mpaka kwenye gari.